Kengele ya Kufunga Njia

Jumatano, tarehe saba ya mwezi wa saba, saa kumi na mbili jioni, kengele ya kanisa iligongwa katika kijiji kimoja cha mlimani, na tangu saa hiyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuonekana njiani mpaka kupambazuke. Kabla ya siku ile kengele iliwaita watu watoke majumbani mwao. Tangu siku ile iliwaamuru waingie.

Ndugu zangu, tumekusanyika kuwaombea marehemu wetu, na mmeniomba niseme neno kabla ya sala. Nitasema polepole. Wengi wenu vifua havijapona sawasawa, na mimi mwenyewe nikisema haraka pumzi inaniishia. Sitahubiri. Nitawapa mfano, mwende nao nyumbani.

Mtu mmoja alikuwa na kengele. Haikuwa mali yake, ilikuwa ya kanisa, ila kamba yake ilikuwa mkononi mwake tangu ujana. Jina lake Singano, na watu walimwita Baba Skola, kwa sababu ya binti yake wa pekee, Skolastika. Hakuwahi kuigonga mapema wala kuichelewesha. Wanawake wa mteremko wa pili walibandika maharage kwa kengele yake, na wachunga mbuzi walirudi kwa kengele yake. Jirani mmoja alizoea kumtania, "Baba Skola, wewe hata siku ya kufa utangoja saa yako ifike ndiyo ukate roho." Naye humjibu, "Na wewe utachelewa kunizika, kama unavyochelewa misa." Alikuwa mtu mwaminifu. Lishikeni hilo. Katika mfano huu sitawatajia mtu mbaya, maana hayumo.

Kikaja kikohozi. Kilianzia bondeni, kwenye kilabu cha pombe ya miwa, mahali ambapo kata moja ya kunywea ilizunguka midomoni mwa watu wote tangu jua kutua hadi manane. Wakafa wanywaji, kisha wakafa wake zao waliokuwa hawanywi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shekiondo, alifikiri sana. Aliona kwamba ugonjwa unapatikana usiku, kwa watu wasiotulia majumbani. Basi akatoa amri: kengele ikilia jioni, kila mtu awe ndani na mlango umefungwa. Si uani, si barazani, ndani. Akaweka mgambo wenye fimbo wapite njiani kuangalia.

Nataka niseme kweli mbele za Mungu: amri ile ilisaidia. Kilabu kilifungwa, kata ikaning'inia ukutani ikakauka, na upande wa bondeni kikohozi kikapungua. Wake za wanywaji walimwombea mwenyekiti heri. Lakini kikaingia kitu kingine mioyoni mwa watu, nacho hakikuonekana upesi. Walianza kuitegemea kengele kama dawa. Mchana walisongamana kwenye mashine ya kusaga, walibanana gulioni, walipeana mikono na kukumbatiana, kana kwamba kikohozi nacho kinajua saa na hungoja giza. Mtu akikohoa mchana, wenzake walisema ni vumbi. Jioni kengele ikilia walikimbia wote kwa pamoja kwenye njia nyembamba, bega kwa bega, wakihemeana usoni, ili wawahi kutii.

Katika siku hizo alifariki Bibi Perpetua, mama mkwe wa Skolastika. Hakufa kwa kikohozi, alikufa kwa uzee, amelala kitandani kwake, na kwa hiyo hakuna aliyeogopa kwenda kumzika. Skola alikuwa ameolewa katika nyumba hiyo na mwanawe Kaniki, naye alikuwa na mimba ya kwanza, imekwisha kuwa kubwa.

Lazima niwaeleze desturi ya watu wale. Wakitoka makaburini walikwenda kunawa mikono nyumbani kwa wafiwa, wakakaa uani kuzunguka moto, wakala, kisha ikasomwa sala. Baada ya sala majirani walirudi makwao, hata kama usiku umeingia, wakiwa na mienge, na wafiwa wakabaki wenyewe na ndugu zao wa karibu. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Ilikuwa desturi nzuri, yenye hewa na yenye nafasi. Ila ilikuwa na mwiko mmoja. Mtu aliyeinuka na kuondoka kabla ya sala, huyo alisemwa ana neno na marehemu. Watu walimtazama mgongo wake akienda, na walianza kukumbuka: huyu si aliwahi kugombania naye mpaka wa shamba? Huyu si alimpelekea maziwa juzi, na leo amekufa? Kwa hiyo hakuna aliyeinuka kwanza. Hata mwenye mgonjwa nyumbani alikaa akimtazama mwenzake, naye mwenzake akimtazama yeye.

Siku ile ilinyesha manyunyu ya kipupwe tangu asubuhi, kuni zikawa mbichi. Skola ndiye mkamwana, kwa hiyo sufuria zote zilikuwa zake. Alipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu, na makande hayakuiva. Jua likawa linashuka. Watu wakanawa, wakakaa, wakangoja chakula, na sala ikangoja watu wamalize kula. Singano peke yake ndiye aliyeweza kuondoka bila kusemwa, kwa sababu ya kazi yake. Alimpa binti yake mkono wa pole, akapanda kwenda kanisani.

Alipofika aliishika kamba akatazama magharibi. Kutoka pale aliuona ua wa nyumba ya binti yake, moshi mwingi, na watu wamejaa kama siku ya sikukuu. Alijua sala haijasomwa, maana angesikia wimbo. Na hapo mkewe akamfikia, akihema kwa kupanda mlima.

"Baba Skola, ngoja kidogo. Chakula ndiyo kwanza kinapakuliwa."

"Jua limekwisha zama, mama."

"Nimeliona, si nina macho? Ukigonga sasa, wale wote hawatatoka. Watafungiwa mle ndani na mwanao, na hali aliyo nayo unaijua. Ngoja wasali, waende kwao, halafu gonga mpaka kamba ikatike."

Singano akaikaza kamba mkononi, akasema, "Nikichelewesha leo kwa ajili ya mwanangu, kesho atakuja mwenye mwanawe, na keshokutwa mwingine. Amri itakuwa ya nani tena?"

"Ya watu, Baba Skola. Si ya jua."

"Mama, usinijaribu."

Mkewe akamtazama, akacheka kicheko kikavu. "Mie nilidhani wewe ndiye umeishika hiyo kamba. Kumbe yenyewe ndiyo imekushika."

Akagonga. Aligonga kama kila siku, wala hakupunguza wala hakuongeza.

Msimhukumu haraka. Alikataa kumpendelea mtoto wake mwenyewe, na wangapi kati ya wenye madaraka wanakataa? Aliitunza haki iliyokuwa mkononi mwake. Lakini alitazama jua, na mwanawe hakulala juani, alilala ndani ya nyumba ile.

Kule uani watu waliposikia kengele walishtuka, na sahani zikiwa mikononi. Wengine wakasimama. Wakatazamana. Kwenda sasa ni kukutana na fimbo njiani, na kwenda kabla ya sala ni kutazamwa mgongo. Wakakaa. Mgambo wakafika, vijana wa pale pale, wakasema kwa adabu, "Shikamooni wazee wetu. Poleni na msiba. Amri inasema ndani." Wazee wakaitikia marahaba, wakainuka, wakaingia. Waliingia wote, wenye nyumba na wageni, wa mteremko wa pili na wa bondeni, wanawake kwa wanaume, na watoto mapajani. Moto ukaachwa uani ukizimika kwa manyunyu. Mlango ukafungwa. Madirisha yakafungwa kwa sababu ya baridi. Amri ikatimizwa barabara, hata mwenyekiti angepita angewasifu.

Humo ndani alikuwamo mtani wao, Mzigua mmoja, jina lake Mhando. Mnajua mtani msibani kazi yake ni kuwapunguzia watu machozi. Alijitanda kanga ya marehemu, akainama kama marehemu alivyokuwa akitembea, akapita katikati ya watu akikanyaga miguu yao. "Karibuni, karibuni," akasema kwa sauti ya bibi kizee. "Mimi Perpetua, nilivyokuwa mchoyo! Mkija kuomba chumvi nawaambia imekwisha. Leo nimekufa, mmejaa kwangu wilaya nzima, na blanketi ni moja. Haya, gawaneni!" Mmoja akamjibu, "Toka hapa, Mzigua wewe, kwenu mnalala na kuku." Mhando akasema, "Na nyie leo mmefungiwa bandani kama kuku, tena jogoo hamna, labda yule mzee anayekohoa pale kona, tumngoje awike!" Nyumba nzima ikacheka. Skola alicheka mpaka akashika tumbo. Yule mzee wa kona naye alicheka, na kicheko kikamvuta kikohozi, na kikohozi kikawa kirefu. Alikuwa hajui anaumwa nini. Alifikiri ni moshi wa zile kuni mbichi.

Kicheko hutoka na pumzi, ndugu zangu. Nyimbo hutoka na pumzi. Waliimba usiku kucha ili wasisinzie juu ya mabega ya wenzao. Waliomba rozari kwa sauti moja. Sijui kama Mungu aliwahi kusikia sala safi kuliko ile, na sijui kama mauti iliwahi kupewa nyumba rahisi kuliko ile.

Kengele ya asubuhi ilipolia mlango ulifunguliwa, nao wakatoka kimya kimya, kila mmoja akashika njia yake, huyu bondeni, huyu juu, huyu ng'ambo ya mto. Hakuna aliyevunja amri. Usiku ule hakuna mtu aliyetembea kijijini. Ugonjwa ulikaa umetulia mahali pamoja nao, na mchana ukapelekwa kila upande kwa miguu ya watu watiifu.

Kikohozi kikazuka kwenye miteremko yote. Mzee wa kona alikwenda kwanza. Mhando naye alikwenda, na watani wenzake walishindwa kumtania kaburini, walisimama tu wakitazama udongo. Kisha Skola akalala. Mama yake alikaa naye, akamwinua kifua kwa mito na magunia ili apate kuvuta hewa. Skola alimwambia, "Mama, mtoto anacheza." Siku iliyofuata hakusema hivyo. Jioni yake akafa, na mtoto ndani yake. Mumewe Kaniki alikuwa chumba cha pili, hajiwezi, akauliza mbona kumekuwa kimya.

Walimzika mchana. Na pamoja na yote waliyoyaona, watu walikuja. Walikuja wengi, kwa sababu kutokuja kulikuwa aibu kubwa kuliko kuumwa. Walinawa mikono, wakakaa kwenye ua ule ule kuzunguka moto, kama walivyokaa kwenye matanga ya Bibi Perpetua. Siku hiyo Singano alipumzishwa kazi ya kengele, akawekwa mtu mwingine, ili yeye akae na msiba wake. Akakaa juu ya gogo, kofia magotini.

Mwenyekiti akaja kutoa pole. Alikuwa amekonda, maana naye alizika ndugu. Akasimama mbele ya watu akasema, "Ndugu zangu, tumelegea. Kuanzia kesho kengele itagongwa saa tisa."

Mwenye duka mmoja akaguna. "Saa tisa! Kwa nini usituzike kabisa, Mzee Shekiondo? Amri yako imetusaidia nini? Watu wamelala ndani na wamekufa. Ifute tuishi."

"Bila amri wangekufa mara mbili ya hao."

"Umewahesabia wapi?"

"Kilabu kimefungwa, bondeni wamepona, hilo huoni?"

"Bondeni wamepona, huku juu tunazika. Wewe kaa na kengele yako."

Wakaanza kupandishiana sauti, wengine upande huu, wengine upande ule. Ndipo Mama Skola aliposimama. Alikuwa amefunga kanga kiunoni, majivu ya mekoni mikononi, kwa sababu hapakuwa tena na mkamwana wa kupika. Hakupaza sauti.

"Mwenyekiti, ulipofunga kilabu nilikuombea kwa Mungu, na leo siombi uifute amri. Lakini ulitupa saa ya kuingia ndani, na hukutuuliza humo ndani tutakuwa wangapi."

Mwenyekiti alitazama mlango wa nyumba ile, nyumba ndogo ya udongo, ya vyumba viwili, akautazama na umati uliokaa uani. Inaelekea ndiyo mara yake ya kwanza kuipima nyumba kwa watu. Akakaa chini.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Makande yalikuwa jikoni. Sala ilikuwa mbali. Kila mmoja alianza kufikiri jambo lile lile, na kila mmoja akamtazama mwenzake. Alikuwapo mama aliyeacha mtoto mchanga nyumbani. Alikuwapo kijana aliyejisikia joto tangu mchana. Wote wawili walitaka kwenda, wote wawili walikaa. Nani atainuka wa kwanza kwenye matanga ya binti aliyekufa na mimba? Nani atabeba maneno hayo maisha yake yote?

Singano akavaa kofia yake. Akainuka juu ya gogo, akasema, "Nyumba hii imekwisha laza watu wa kutosha. Mimi nakwenda kwangu. Nitamsalia mwanangu nikiwa kwangu, na Mungu atanisikia kutoka huko." Kisha akageuka akaondoka, kabla ya chakula na kabla ya sala, kutoka kwenye matanga ya mtoto wake wa pekee.

Akatazamwa mgongo. Shangazi yake Skola alipiga kelele, "Jamani, baba gani huyu? Hata udongo wa mwanawe haujakauka! Singano, una neno gani na marehemu?" Hakugeuka. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, wala si ya chini sana, "Si ndiye aliyewafungia? Sasa anakimbia." Alilisikia hilo, akaendelea kutembea. Alikuwa amevuka kizingiti cha ua mkewe alipoifungua kanga kiunoni, akajitanda, akamfuata. Nao wawili walipokuwa njiani, yule mama mwenye mtoto mchanga akainuka. Kisha yule kijana. Kisha wakainuka wengi, bila kuagana, vichwa chini, kama watu wanaotoka kuungama. Katekista akasoma sala fupi pale pale, wakati watu wanatoka, ili ambao hawajafika njiani waitikie. Kengele ilipolia ua ulikuwa mweupe, hapana mtu. Nyumba ile usiku ule ililaza wenye nyumba tu, na madirisha yakaachwa wazi.

Kwenye misiba iliyofuata Singano alifanya vile vile. Mwenyekiti akaagiza sala isomwe mara tu baada ya kunawa mikono, na chakula kipelekwe kwa wafiwa badala ya watu kukifuata. Lakini agizo lisingetosha. Siku zote alihitajika mtu wa kuinuka kwanza, na siku zote aliinuka yeye. Alifika mapema, akapiga magoti kaburini, akanawa, akasali, akavaa kofia yake, akaondoka, na watu wakaondoka nyuma yake. Wako waliomshukuru. Wako waliomwita jina baya mpaka alipokufa, na watoto wakafundishwa kuukwepa mlango wake. Kikohozi hakikwisha siku moja. Kilipungua polepole, nyumba hii, kisha nyumba ile, mpaka asubuhi moja watu wakaamka hawajasikia mtu akikohoa. Wengine walisema ni kengele. Wengine walisema ni kule kuinuka. Wengine walisema ni mvua za vuli. Mimi nasema Mungu anajua, lakini yeye hakutupa macho ili tuyafumbe.

Mfano wenyewe ni huu. Kengele ni amri, na amri ni njema ikiwa anayeitoa ameingia ndani akaona watu watakapolala. Kata ile ya kilabuni ni raha zetu, ambazo ni rahisi kuzikataza kwa sababu wote tunajua ni mbaya. Moto wa uani ni huruma yetu, na ule hatukuweza kuuzima, tulijaribu kuuingiza ndani pamoja nasi, tukafunga madirisha. Mgongo wa Singano ni aibu ambayo mtu mmoja anaikubali ili wenzake waishi. Na yule binti ni hao tuliowazika. Mnawajua majina. Sina haja ya kuyataja yote, na jina moja siwezi kulitaja bila kunyamaza kwanza, kwa hiyo mtanisamehe.

Siulizi kama mlizitii amri za wakati ule. Najua mlizitii, nami nilizitii. Nauliza neno moja: siku itakapowalazimu wenzako kuondoka ili wapone, na kila mmoja anaogopa kusemwa, wewe utakubali kuinuka wa kwanza?

Tusimame, anayeweza. Asiyeweza na akae, Mungu anamwona.

Ee Mungu Baba, wapokee marehemu wetu waliokwenda wakitafuta pumzi. Wapokee waliokufa wakiimba rozari na waliokufa wakicheka. Wapokee watoto ambao hawakupata jina, uwape wewe jina. Wasamehe yale waliyoyafanya kwa kutojua, na utusamehe sisi tuliobaki. Mkumbuke mama wa watoto wangu, aliyekuwa akikuita kila alfajiri kabla hajawasha moto. Usiwaweke mahali pa kusongamana, Bwana. Wape makao mapana, penye hewa nyingi na nuru, na siku yetu ikifika utukutanishe nao. Amina.